Kompyuta Zilizolala Saa Nne

Saa nne kamili asubuhi, kompyuta zote za ghorofa ya tano zikalala tena. Skrini zikawa nyeusi, wateja kwenye foleni wakaguna, na Bwana Kitonga, meneja, akatoka ofisini kwake huku akikunja mikono ya shati kama mtu anayeenda kupigana. Hakukuwa na wa kupigana naye. Hiyo ilikuwa siku ya tisa: dakika ishirini kila asubuhi, kisha zinaamka zenyewe utadhani hakuna lililotokea.

Kitonga alikuwa amekuja kwenye kampuni hiyo ya bima, kule Upper Hill, mwezi wa tano mwaka 2006, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kufuta chai ya saa nne. Eti inakula muda wa kazi. Jamani, mfanyakazi wa ofisi Nairobi ukimnyima chai ya saa nne, si umwambie tu asipumue? Lakini mkubwa ni mkubwa. Vikombe vikafungiwa kabatini, na Mama Wahu, aliyeichemsha chai hiyo miaka kumi na saba, akaambiwa mwisho wa mwezi ndio mwisho wake.

Hapo ndipo Mwaura, fundi wa kompyuta, aliposhikwa na hasira. Alipoanza pale alikuwa mwanafunzi wa mazoezi, anatembea kwa miguu kutoka Kabiria bila kitu tumboni. Mama Wahu alikuwa akimfichia vipande viwili vya mkate chini ya kitambaa, kila siku, na hakuwahi kumwuliza swali. Mwaura alimpenda yule mama, basi.

Kazi zote za kampuni zilipitia programu ya bure, mojawapo ya zile zinazojengwa mtandaoni na watu wasiojuana. Yeyote anaweza kuiboresha. Unaandika mistari yako, unamtumia mtunzaji wa programu, naye akiridhika anaiingiza, na kila ofisi inayoitumia inaipata. Mwaura alikuwa ameichangia kwa miaka mitatu. Mwaura hakuwahi kumwona huyo mtunzaji wala kulijua jina lake, ila kichwani mwake alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu, anaishi nchi ya baridi, ana paka wawili na hana haraka.

Basi Mwaura akaandika marekebisho ya tarehe, mistari mia nne, na katikati yake akachomeka sita ya hila. Kama saa ya kompyuta ni ya Nairobi, na imefika saa nne asubuhi, lala dakika ishirini. Watu wakikosa la kufanya, alijiambia, watataka chai, na chai itamtaka Mama Wahu. Alituma kwa jina lake halisi, maana mgeni angechunguzwa. Mtunzaji alijibu kwa neno moja tu, la kushukuru, na Mwaura akajua hakusoma. Nani atasoma mistari mia nne ya tarehe?

Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Zake Mwaura hazikufika hata kumi na mbili. Siku ya kumi Kitonga alichoka kuambiwa “naangalia, boss,” akaleta mtaalamu kutoka kampuni moja ya Ngong Road.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, Naliaka, amevaa sweta na hana maneno mengi. Aliuliza maswali mawili. Hii programu inatoka wapi? Nani huiweka kwenye mashine? Mwaura akajibu yote mawili kwa adabu, jasho likimtiririka mgongoni. Kesho yake mchana Naliaka alimwita mezani, na hakuinua macho.

“Nimeipata,” alisema. “Iko kwa ile sehemu ya tarehe. Na jina la mwenyewe liko hapo.”

Mwaura alienda jikoni. Alitaka kumwomba Mama Wahu msamaha, kwamba sasa watatoka kwa geti moja wote wawili, ila alimkuta akipangusa vikombe asivyoruhusiwa kuvitumia. Aliogopa, tena sana. Akanywa maji akarudi.

Saa nane Mwaura na Naliaka waliitwa kwa Kitonga. Naliaka aliketi, akafungua daftari, akaeleza taratibu kwamba programu haina shida yoyote. Mashine ndizo zimezeeka. Asubuhi zinalemewa, lazima zipumzike dakika ishirini, na zikilazimishwa, faili za wateja zitapotea. Dawa ni kununua mpya, zote.

Mwaura alidhani masikio yake yameharibika.

Kitonga alitazama dari. Akauliza, sasa kwa hizo dakika ishirini watu wafanye nini, wazurure? Naliaka akamjibu kwamba hilo ni lake yeye meneja, ila kwa uzoefu wake, wafanyakazi wakikaa bure huwa wanamjadili mkubwa wao. Kitonga akakunja mikono ya shati. Kisha, kama mtu aliyevumbua jambo ambalo dunia haijawahi kuliona, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu kutakuwa na chai saa nne, na yule mama wa jikoni aambiwe asiende popote.

Mwaura alimfikia Naliaka kwenye lifti, akihema. Akamwuliza kwa nini hakumtaja, na jina lake aliliona kwa macho yake.

“Sasa ningekutaja aje bila kujitaja?” alisema Naliaka, akibonyeza kitufe cha kushuka. “Wewe ulituma tu. Mimi ndio nilisoma mistari yote mia nne, nikaiingiza. Hata kwetu chai waliondoa Januari.”