Waya Mbili

Alute alilegeza nati ya pili, akatega sikio. Upande wa pili wa ukuta wageni waliokuja kwenye uzinduzi wa mashine ya Laurian walikuwa bado wanatafuna kuku. Mlango wa nyuma wa kibanda cha mashine alikuwa ameukuta umerudishiwa tu, bila kufuli. Uzembe wa muuza mitumba.

Swichi kuu alishaizima. Mbele yake ilikaa mota mpya ya kukamulia alizeti, waya zake tatu za umeme zikiwa wazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mota ya fezi tatu hufuata mpangilio wa waya zake. Ukipishanisha mbili, zozote zile, inazunguka kinyume. Hapo skrubu hurudisha mbegu badala ya kuzisukuma, tone la mafuta halionekani, na mwenye mashine anaumbuka mbele ya Ilongero nzima.

Hicho ndicho Alute alichokitaka. Kwa miaka kumi na tisa kila gunia la alizeti lilipita kwenye mashine yake, na kila mkulima alimwita fundi. Leo Laurian, mtu asiyejua hata kubadili fyuzi, alitaka kumpokonya jina hilo.

Juzi mnadani Laurian alimwamkia, "Shikamoo, mzee Alute." Alute hakuitikia marahaba.

"Mota si mtumba," alimwambia, watu wakisikia, "kwamba hata ukiuvaa ndani nje hakuna anayejali. Hiyo yako, kwa spana moja tu naigeuza irudi nyuma."

"Nimekusikia, mzee," Laurian alijibu, wala hakukasirika.

Alute alipishanisha waya, akakaza nati, akarudisha kifuniko na kuwasha swichi kuu, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kujichanganya na wageni. Martha, mke wa Laurian, alimletea sahani. Aliisukuma pembeni.

Mchungaji aliomba. Watu wakasongamana mlangoni mwa kibanda. Laurian alibonyeza kitufe cha kuwashia, na Alute akakunja mikono, akisubiri kicheko.

Mota ilinguruma, mkanda ukavuta. Mbegu zikazama, na mafuta yakaanza kuchuruzika ndooni. Akina mama walipiga vigelegele.

Alute aliukodolea macho ule mkanda. Hakuelewa. Laurian alimsogelea, akainama hadi sikioni.

"Tangu Jumatano ilikuwa inazunguka kinyume, mzee. Fundi wa mjini alinipiga chenga, na wewe ningekuomba usingekuja."