Bangili ya Bibi Siwema

Siku hizi kila mzee asiyejiweza huvishwa bangili inayosikiliza anavyotunzwa. Ikinasa maneno mabaya mara tatu, mzee anapelekwa kwenye makao ya serikali, na harudi.

Mara ya kwanza niliisababisha mimi. Nilikuwa namgeuza bibi yangu Siwema nimpake mafuta asipate vidonda vya kulala, nikamtania kama nilivyomtania tangu utotoni: "Mke mwenza, si ufe tu nibaki na mume wangu!" Babu alicheka mpaka akakohoa. Bangili ikawaka nyekundu. Wiki iliyofuata utani ukamponyoka kaka yangu Shekue, ikawaka tena. Mashine gani hiyo, haijui hata bibi na mjukuu!

Basi tukaanza kuchungana. Tukawa tunamsemesha Bibi kama wageni: "Shikamoo, Bibi. Naomba nikugeuze." Naye akawa anatutazama kwa jicho la pembeni. Mwishowe akagoma kunywa uji mpaka Babu auonje kwanza.

Jana afisa wa ustawi alikuja kukagua. Alikuta shuka kavu na mgongo hauna hata kidonda, akatusifu. Kisha akamwinamia Bibi. "Wanakutunza vizuri, Bibi?"

Bibi alimng'ang'ania mkono. "Mwanangu, nitoe humu ndani. Hawa wamefanana na wajukuu zangu, lakini si wao. Wajukuu zangu huniambia nife kila siku."

Bangili ikawaka nyekundu.