Simu Kutoka Banjul

Evarista, karani wa ofisi ya msaada wa sheria, aliufunika mkonga wa simu kwa kiganja, akamgeukia mama aliyeketi mbele yake.

"Mama, ni Banjul! Wakili wetu yuko huko mbele ya tume ya Afrika ya haki za binadamu. Mjumbe wa serikali amewaambia hakuna mzazi aliyelalamika. Mwenyekiti anataka kukusikia mwenyewe, sasa hivi. Mkalimani yuko tayari."

Mama alikuwa amekuja kutoka kijijini Mvumi kuulizia tu kesi ya mwanawe, aliyeingia mahabusu mzima akatolewa maiti. Tangu mwaka tisini na sita kila ofisi ilimwambia arudi nyumbani akaomboleze.

"Mimi? Kwa Kiswahili changu hiki cha Kigogo?"

"Hicho hicho, mama."

Chini ya dirisha, mafundi wa mtaa wa Kizota walikuwa wakichomelea mageti, na mashine zao zilinguruma hata watu wasisikilizane. Evarista alitoa kichwa nje.

"Jamani, zimeni! Afrika nzima inatusikiliza!"

Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mafundi wakasimama na miwani yao myeusi usoni, wakitazama juu.

Mama alifuta viganja kwenye kanga, akaupokea mkonga, akaushika juu chini. Evarista, akicheka huku machozi yanamtoka, akamwekea sawa sikioni. Sauti ya mbali ikauliza jambo.

Mama akanyoosha mgongo.

"Shikamooni," alisema, kwa sauti iliyofika hadi uani. "Huyo mzazi ni mimi."