Mpunga wa Mbegu

Susan aliinua mchi, akaushusha kinuni. Mpunga wa mbegu hautwangwi, hata nyumba nzima ilale njaa. Lakini misimu mitatu mvua ilikuwa imeikataa Garsen, mto Tana umenywea, na bonde halijaona mafuriko ya kupandia. Mbegu ya nini, kama hakuna tope la kuipokea? Akatwanga kwa hasira mpaka jasho likamwingia machoni.

Alikuwa anatafuta ungo apepete, mumewe alipotokea mbio kutoka mtoni, suruali imelowa hadi mapajani, anacheka peke yake.

"Mama watoto, maji! Kumbe mvua imepiga huko milimani, mabwawa yamejaa mpaka yanamwagika. Bonde letu linakunywa!"

Susan akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja.

"Mbona umesimama? Toa mbegu, tupande!"

Aliingiza mkono kinuni, akaupekua ule mchele mweupe uliovunjikavunjika mpaka chini kabisa. Akapata punje moja iliyobaki na ganda lake. Akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, kilichokuwa bado kinachuruzika maji.

"Haya," alisema. "Kapande."