Alama Fupi Kwenye Ngano

Jiwe la kwanza lilimpata Hhando sikioni. La pili Vumilia hakuliona. Alisikia tu mumewe akiguna, kisha akamwona amepiga magoti kwenye tope, damu ikimchuruzika shingoni.

"Muuaji! Za mwizi ni arobaini!"

Nusu saa iliyopita watu hawahawa walikuwa wanakunywa chai uani kwake. Dada Goodness, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuja Mbulumbulu kutafuta mitaro iliyochimbwa na wazee kukausha mashamba. Ukungu ulikuwa mzito, basi sanduku la droni likabaki miguuni pake, naye akawaonyesha picha zilizopigwa kutoka angani kwenye tableti. "Ardhi iliyochimbwa haisahau," alisema. "Ngano ya juu yake hukolea kijani. Mistari hii mirefu ni mitaro. Na huu mfupi, wa urefu wa mtu, mara nyingi huwa kaburi."

Hakumaliza. Leonce, jirani yao, alimpokonya tableti, macho yamemtoka. "Abraham! Mdogo wangu!"

Kila mtu alijua Abraham alitoweka miaka mitatu iliyopita, wiki ileile aliyogombana na Hhando kwa ajili ya mpaka.

"Miaka mitatu nalia, jamani, kumbe amelala kwenye ngano ya Hhando!"

Weee! Chai ikamwagika, fimbo zikainuka. Ujirani wa miaka ishirini ukaishia hapohapo.

"Mwacheni baba Marsela! Hajaua mtu!" Vumilia alijitupa juu ya mumewe. Rungu lililolengwa kwa Hhando likamvunja yeye mkono. Aliusikia ukivunjika, wala hakuondoka. "Chimbeni kwanza! Msipokuta kitu, mtamrudishia damu yake?"

"Tutachimba," Leonce alifoka, akinyakua koleo. "Na tukimkuta, huyu achomwe moto."

Aliingia kwenye ngano, ukungu umemfika kifuani. Wenzake wakamfuata wakimburuta Hhando, Vumilia ameng'ang'ania shati lake kwa mkono mzima. Leonce akaruka mtaro wa kwanza, akaruka wa pili, akakata kushoto, akasimama.

"Hapa!"

Akachimba, shimo halikufika hata kiunoni. Koleo likaleta buti la mpira, na ndani ya buti mfupa. Wanawake wakapiga yowe. Mtu akaagiza petroli.

Vumilia alimwinamia mumewe. "Baba Marsela," alinong'ona, "niambie si wewe." Hhando alijaribu kujibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu. Na yeye, Mungu amsamehe, akajikuta anaachia lile shati.

Goodness ndiye aliyewapenya, amekumbatia sanduku lake, kufuli bado limefungwa. Hakumtazama Hhando. Alimtazama Leonce aliyesimama shimoni.

"Kaka," alisema, "ile picha niliipiga mwaka jana, kule Babati. Hapa kwenu droni bado haijaruka."