Filamu ya Bendi ya Radi

Fisi, Kifaru na Nungunungu walikuwa na bendi ya muziki wa kelele. Fisi aliimba, Kifaru alipiga ngoma, na Nungunungu alikwaruza gitaa kwa miiba yake. Walipoingia studio kurekodi albamu yao ya kwanza, walimwalika Kinyonga awapige filamu ili msitu mzima uwajue.

Lakini kila siku walikuwa na ugomvi.

“Kifaru, unapiga ngoma au unabomoa nyumba?” Fisi aliuliza.

“Afadhali mimi! Wewe unaimba kama uliyekanyagwa mkia.”

“Nyamazeni nyote,” alisema Nungunungu. “Bendi ni gitaa.”

Kazi ilipokwisha, Fisi alimwendea Kinyonga kwa siri. “Ndugu yangu, wale wawili wanatia aibu. Wakate kwenye filamu.” Kifaru naye akaja na ombi lilelile, kisha Nungunungu. Kinyonga, ambaye hakupenda kumuudhi yeyote, alimtii kila mmoja.

Siku ya maonyesho wanyama walijaa. Filamu ilionyesha ukuta, ngoma isiyo na mpigaji, na Kuku aliyeingia studio kutafuta mahali pa kutaga. Kuku alitetea, akataga, akaondoka. Filamu ikaisha.

“Huyo ndiye mwanamuziki!” wanyama walishangilia. “Aje atuimbie!”

Kuku alisukumwa jukwaani. “Jamani, mimi sina hata bendi.”

Wale watatu waliruka pamoja. “Tupo, mama! Tutakupigia sisi!”

Tangu siku hiyo Kifaru hupiga ngoma taratibu asije akamshtua Kuku, na Fisi huitikia tu.