Dole Gumba la Bi Somoe

Mashine ya alama za vidole ilikikataa kidole cha kumi cha Bi Somoe kama ilivyovikataa vile tisa. Alikuwa ameacha kazi kiwandani, amekuja kuchukua akiba yake ya uzeeni, na sasa aliona haya kana kwamba amefumaniwa akiiba.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani, mama?" karani aliuliza.

"Kubangua korosho, mwanangu. Miaka thelathini na moja. Mafuta ya maganda yake yanaunguza."

Karani aliigeuza mikono ile, akavitazama vidole vilivyolainika kama kokoto za mtoni. Kisha akaingia stoo, akarudi na fomu iliyopauka, ile ambayo Bi Somoe alijiandikishia siku ya kwanza kazini. Chini palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu, mistari imezungukana, hata mmoja haukukatika.

"Yangu hii?"

"Yako, mama."

Pesa zilimtoka akilini. Alilishusha dole gumba lake tupu, akaliweka taratibu juu ya lile la msichana aliyekuwa yeye miaka ile. Likaenea barabara.

Karani, muhuri ukiwa hewani, alimsubiri aliondoe.